Fila geji ya Darajani, nunua hii kabla ya boksi la spana

Watu wakitaka kuanza kujitengenezea pikipiki nyumbani wanakimbilia lile boksi kubwa la plastiki lenye spana na makorokoro kibao, mie nasema nenda maduka ya spea Darajani, hapa Unguja, ukaulize fila geji kwanza, kidude cha kupimia mianya midogo. Yangu haikufika elfu kumi. Ni bati nyembamba zimepangwa pamoja zinakunjuka kama kisu cha mfukoni, kila moja na unene wake, na ndo kidude ninachokitumia kuliko vyote.

Pikipiki yangu ni ya kichina, hizi zenye injini iliyoigwa Honda CG125, na kipimo cha tapeti zake, yaani mwanya kati ya roka (mkono unaosukuma valvu) na mkia wa valvu, ni 0.08 mm, valvu ya kuingiza na ya kutolea zote sawa, injini ikiwa baridi kabisa. (Mwenye pikipiki ya Boxer atazame kitabu chake, asichukue namba hii.) Sasa 0.08 hakuna jicho linaloiona bwana. Mafundi wengi wa njiani wanatikisa roka kwa kidole wanakwambia hapa poa, na wako wanaopatia kweli sikatai, ila wengine wanakuachia imebana, injini ikishapata moto valvu haifungi vizuri kompresheni inavuja, pikipiki inakosa nguvu, ukizima kuwaka tena ni tabu na mwisho valvu ya ekzosi inaungua. Ikilegea angalau inakupigia kelele, tak tak tak juu ya hedi, kile kichwa cha injini.

Kazi yenyewe si ngumu. Toa plagi ili injini izunguke kiwepesi, fungua kifuniko cha hedi uzione roka na vifuniko vya magneti upande wa kushoto, zungusha magneti kinyume na saa mpaka alama ya T ikae sawa na mstari, halafu tikisa roka zote mbili, zikicheza upo penyewe, kama kuna iliyobana zungusha mara moja tena. Pitisha bati ya 0.08 kati ya skurubu ya tapeti na mkia wa valvu, ukiivuta uisikie inashikwashikwa, isipwaye na isihitaji nguvu. Shida iko kwenye kukaza nati inayoifunga hiyo skurubu, maana ukikaza na skurubu nayo inataka kwenda, kwa hiyo ishike na kile kifunguo chake cha kichwa cha mraba na ukimaliza pima tena, mara nyingi utakuta imeshabana.

Hiyohiyo fila unapimia na mwanya wa plagi, 0.6 mpaka 0.7 mm. Na tafadhali tapeti kwanza kabureta (kinachochanganya petroli na hewa) baadae, watu wanakorogakoroga skurubu ya hewa wiki nzima kumbe tapeti ndo zimebana. Ukishaziseti, pasha injini moto ndo uguse kabureta, halafu baada ya kutembea nayo tazama plagi, rangi ya kahawia ndo nzuri, nyeusi ya masizi mafuta yanazidi, nyeupe mafuta kidogo na injini inaungua.

Lawama zangu kwa hii fila: namba zimechapwa juujuu tu, ukifuta bati kwa petroli zinaondoka, zangu nimezikwaruza upya kwa ncha ya msumari. Na kutu! Chumvi ya hewa yetu hii haina huruma, usipozipaka oili na kuzifunga kwenye nailoni masika moja tu zimekwisha.

Lile boksi la spana ninalo pia, duka na kampuni sitaji, spana namba 10 imepanuka mdomo sasa inakula vichwa vya nati, bora spana tatu nne za mtumba zilizo nzito.

Ukenda kununua fila zikunjue bati zote palepale kaunta, seti nyengine zinaruka kutoka 0.05 kwenda 0.10 na muuzaji atakwambia ni ileile tu. Siyo ileile. Kama 0.08 haimo basi iwemo 0.03 uiunganishe na 0.05, vyenginevyo mrudishie.