Kisomaji cha ELM327 kwenye pikapu ya zamani ambayo taa ya injini haitaki kuzimika

Taa ya injini ikifutwa leo na keshokutwa ikawaka tena, wenye pikapu za zamani wengi huanza kubadilisha sensa mojamoja kwa kubahatisha. Kidude cha ELM327 cha Bluetooth, kile kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwa simu, kinaweza kukomesha kubahatisha huko, na kwa kazi hiyo tunakisifu bila kusita. Tatizo ni kwamba sokoni vimejaa vya kunakili, na gari la zamani ndilo linalopata taabu navyo kuliko jipya.

Sababu ni itifaki, yaani lugha ambayo kompyuta ya gari hutumia kuzungumza na kisomaji. Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli ya 1996 yana tundu la OBD2 (mfumo wa gari kujikagua) lenye pini 16, lakini hadi 2008, itifaki moja ya CAN ilipofanywa lazima huko, viwanda vilikuwa na itifaki tofauti. Ford walitumia J1850 PWM kwenye pini 2 na 10, General Motors J1850 VPW kwenye pini 2, na Toyota nyingi ISO 9141-2 kwenye pini 7. Vidude vingi vilivyoandikwa “v2.1” vimepunguzwa vitu ndani: CAN vinasoma, J1850 au ISO vinagoma. Dalili yake ni kwamba simu inakubali Bluetooth, halafu programu inakwama ikitafuta kompyuta ya gari. Tafuta chenye chipu ya PIC18F25K80, na muuzaji awe tayari kukirudisha kisiposoma itifaki ya gari lako. Mwenye iPhone anunue cha Bluetooth LE au Wi-Fi, kwa sababu cha Bluetooth ya kawaida hakitaunganishwa.

Na usidanganywe na tundu lenyewe. Pikapu za dizeli za zamani, pamoja na magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, yanaweza kuwa na tundu la pini 16 bila kuwa na OBD2 kamili. Hapo hakuna ELM327 itakayosaidia. Kwa Toyota nyingi za miaka ya 1990 bado utaunganisha pini za TE1 na E1 za soketi ya uchunguzi kwa kipande cha waya na kuhesabu taa ya injini inavyomweka.

Ukichomeka na kidude kisiwake hata taa moja, usikilaumu kwanza. Pini 16 hupata umeme wa betri moja kwa moja, na kwenye magari mengi fyuzi yake ni ileile ya soketi ya kuwashia sigara. Kagua fyuzi hiyo, kisha pima volti kati ya pini 16 na pini 4.

Kikishaunganishwa, mkono usikimbilie kitufe cha kufuta. Piga picha ya kodi zote, yaani namba za hitilafu, hata zile zinazosubiri ambazo bado hazijawasha taa, kisha fungua rekodi ya hali ya injini wakati kodi ilipoingia: joto la maji, mizunguko, mzigo wa injini, mwendo. Ukifuta, rekodi hiyo inapotea. P0302, kodi ya silinda ya pili kumisi (kutochoma petroli vizuri), iliyoingia injini ikiwa baridi na P0302 iliyoingia ikipanda mlima na mzigo hazitafutwi mahali pamoja. Gari likiwa linamisi na taa inamweka badala ya kuwaka tu, acha kukanyaga mafuta na lisiendeshwe zaidi, maana petroli isiyoungua inaenda kuchoma katalitiki, kichujio cha moshi kwenye ekzosi.

Sehemu tunayoithamini zaidi kwenye kidude hiki ni trimu za mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza kwenye petroli. Chukua P0171, kodi ya injini kupata petroli kidogo mno kwa hewa inayoingia, ambayo huwapeleka watu wengi kununua sensa ya oksijeni bila sababu. Pasha injini moto, iache sailensa (ingurume bila kukanyaga mafuta), jumlisha trimu fupi na trimu ndefu. Jumla ikiwa ndani ya 10 juu au chini ya sifuri, hali si mbaya. Ikiwa +20 kwenye sailensa, halafu ukipandisha hadi mizunguko 2500 kwa dakika na kuishikilia hapo ikashuka karibu na sifuri, kuna hewa inaingia kwa wizi: mpira wa vakyumu uliopasuka, gasketi ya manifoldi, au bomba la PCV (linalorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaunguzwe) lililolainika kwa oili. Mpira wa PCV hupasuka upande wa chini usioonekana, kwa hiyo ukunje kwa vidole kabla hujasema ni mzima. Ikiwa ni kinyume, sailensa iko sawa na trimu inapanda kadiri unavyoongeza mzigo, tazama filta ya mafuta, presha ya pampu, au sensa ya hewa iliyochafuka. Sensa hiyo isafishwe kwa dawa yake maalumu, wala usiiguse waya wake kwa kitambaa.

Itifaki za zamani ni za polepole. Ukifungua geji kumi za programu kwa wakati mmoja, grafu ya sensa ya oksijeni itaonekana imelala wakati sensa ni nzima. Weka mbili au tatu tu.

Hilo lina uzito kwenye P0420, kodi ya katalitiki. Sensa ya oksijeni iliyo mbele ya katalitiki, ya aina ya zamani, huruka kati ya volti 0.1 na 0.9, na ile iliyo nyuma yake inapaswa kutulia. Ya nyuma ikiruka sambamba na ya mbele, katalitiki imechoka. Hata hivyo ekzosi inayovuja karibu na sensa hizo inaweza kutoa picha ileile, basi anza kutafuta masizi meusi kwenye maungio. Sensa za mbele za uwiano wa hewa na mafuta hazifuati volti hizi, usizipime kwa kipimo hiki.

P0128, kodi ya injini kutofikia joto lake, haina mambo mengi: joto la maji likibaki nyuzi 65 hadi 70 barabarani, badilisha thamostati.

Kwa programu za kawaida za simu, kidude hakiamrishi EGR (vali inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) au vali ya mvuke wa petroli ifunguke ili uipime, na kwa kawaida ABS na mifuko ya hewa hakigusi. Hayo ni ya mashine kubwa ya fundi, na ukimpelekea picha za trimu na rekodi ya kodi utakuwa umempunguzia nusu ya kazi.

Baada ya matengenezo, futa kodi, halafu fungua ukurasa wa vipimo ambavyo kompyuta inajifanyia. Taa kuzima hakumaanishi kitu wakati kipimo cha katalitiki au cha mvuke bado hakijakamilika. Cha mvuke huwa cha mwisho, kwa sababu kinahitaji injini ilale ipoe kabisa na tangi liwe kati ya robo na robo tatu. Gari likienda kuegeshwa kwa siku kadhaa, chomoa kidude, kwani kwenye pini 16 kinakula betri hata swichi ikiwa imezimwa.