Uzoefu wangu wa kipimo cha MEG kabla ya upasuaji wa kifafa

Nimeishi na kifafa tangu nikiwa na umri wa miaka 11, na dawa nilizopewa, kwanza Mombasa na baadaye hapa Uingereza, hazikuwahi kukizuia kabisa. Picha za MRI, yaani picha za ubongo zinazopigwa kwa sumaku kubwa, zilitoka safi, bila kovu wala uvimbe, na EEG, kipimo cha umeme wa ubongo kwa vihisi vinavyobandikwa kichwani, ilionyesha tu kwamba hitilafu iko upande wa kushoto, jambo lisilomtosha daktari wa upasuaji.

Ndipo nikapelekwa kupimwa MEG, kipimo kinachonasa nguvu ya sumaku inayotokana na umeme wa seli za ubongo. Fuvu huvuruga umeme huo unapopita, lakini sumaku hupenya karibu bila kupotoshwa. Kwa kuwa ni hafifu mno, chumba hukingwa kwa kuta za metali maalumu, na vihisi 306 vilivyomo ndani ya kofia kubwa hupozwa kwa heliamu ya kimiminika, takriban nyuzi 269 chini ya sifuri. Mimi sikuhisi baridi yoyote, wala mashine haikunguruma kama ile ya MRI.

Nilitakiwa kukesha ili nisinzie wakati wa kupimwa, nivue hereni na pini za nywele, na nisipake hata wanja, kwani baadhi ya vipodozi vina chembe za chuma. Lililonisikitisha ni kwamba sikuelezwa mapema kuwa ubongo ukitulia siku hiyo, bila hitilafu ya umeme kujitokeza, jibu halipatikani. Mara ya kwanza nilirudi nyumbani mikono mitupu baada ya saa nzima.

Mara ya pili dalili za hitilafu hiyo zilijitokeza, zikawekwa juu ya picha ya MRI, na zote zikakusanyika mbele ya sikio la kushoto. Daktari alipoichunguza upya picha ileile aliona mkunjo usio wa kawaida uliokuwa umepita bila kutambuliwa. Nililia kwa faraja. Bado ilibidi niwekewe elektrodi, yaani nyaya nyembamba za kunasa umeme, ndani ya ubongo ili kuthibitisha, lakini sasa ilijulikana pa kuziweka.

Nilipimwa pia mahali lugha inapokaa ubongoni, kwa kusikiliza maneno, yote ya Kiingereza. Niliomba yaongezwe ya Kiswahili, lugha ninayoombea dua na kuzungumza na mama, na dada yangu akaruhusiwa kuyarekodi. Wenzangu wenye lugha mbili, liombeni hili kabla ya siku ya kipimo, kwa sababu kuandaa maneno hayo kulichukua wiki mbili.