Kamera za Kale za Picha za Papo Hapo: Ipi Inunuliwe Kwanza

Anayetaka kukusanya kamera za kale za picha za papo hapo na kuzitumia hana budi kuanza na swali la filamu, kwa sababu nyingi zinazouzwa mitandaoni ni nzima lakini filamu zake hazitengenezwi tena. Kampuni ya Polaroid ilitangaza mwaka 2008 kwamba inaacha kutengeneza filamu hizo; kundi lililojiita Impossible likainunua mitambo ya kiwanda cha Enschede, Uholanzi, na leo filamu za aina ya SX-70 na 600 zinauzwa tena kwa jina la Polaroid.

Ninaiweka ya kwanza kamera ya Polaroid SX-70, iliyotoka mwaka 1972. Hukunjwa ikawa bapa, imevikwa ngozi, ina lenzi ya kioo, na mpiga picha huona kupitia lenzi hiyohiyo, hivyo anaweza kusogelea ua au uso hadi takriban sentimita 26 na bado akapata picha kali. Uzuri wa kamera hii haujapitwa hadi leo. Hata hivyo, filamu yake huhitaji mwanga mwingi, na kamera haina flashi ya ndani. Kabla ya kulipa, kagua mvukuto wa mpira kama umetoboka, angalia lenzi isiwe na kuvu, na fungua mlango wa filamu uone kama rola zinazosukuma picha nje zimeganda uchafu. Betri imo ndani ya pakiti ya filamu, si ndani ya kamera. Kwa hiyo muuzaji anayedai kwamba kamera inafanya kazi aombwe kuijaribu kwa pakiti iliyokwisha picha, ambayo kwa kawaida hubaki na umeme wa kutosha kuendesha mota.

Ya pili ni Sun 660, ya plastiki na ya bei nafuu zaidi, inayopima umbali kwa mawimbi ya sauti na yenye flashi yake. Kwa anayepiga picha za watu ndani ya nyumba, hii itamfaa kuliko SX-70. SLR 680 ya mwaka 1982 inaunganisha sifa za zote mbili, na ni bei yake tu iliyoishusha hadi nafasi ya tatu. OneStep ya 1977, yenye mstari wa rangi za upinde wa mvua, ni ya nne: inapendeza rafuni, lakini lenzi yake haisogezwi, na kitu kilicho karibu sana hutoka na ukungu.

Spectra, kamera nyingine ya Polaroid, usiinunue kwa matumizi, kwani filamu yake ilikoma mwaka 2019. Kamera za Kodak za aina hii ziliachwa mwaka 1986, Kodak iliposhindwa na Polaroid mahakamani katika kesi ya hataza.

Unaponunua filamu, soma sanduku kwa makini: filamu ya aina ya i-Type haina betri na haitaamsha kamera yoyote kati ya hizi nne. Filamu uliyonunua ihifadhi kwenye friji bila kuigandisha, kisha uitoe mapema ifikie joto la kawaida. Filamu hizi hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 13 na 28, kwa hiyo katika joto la Mombasa au Dar es Salaam piga asubuhi, na picha ikitoka uifunike mara moja isipigwe na jua, uiache mahali penye ubaridi kwa dakika kama 15 hadi rangi zikamilike.