Mishale ya "iliyotangulia" na "inayofuata" kwenye potifolio ya WordPress: uzoefu wangu

Mimi ni mpiga picha hapa Mombasa, na tovuti yangu, iliyojengwa kwa WordPress (programu ya kutengenezea tovuti), ndiyo duka langu na potifolio yangu, yaani mkusanyiko wa kazi za kuwaonyesha wateja. Ina kazi thelathini na kitu, zimegawanywa katika kategoria tatu: Harusi, Majengo na Vyakula. Kabla ya Ramadhani iliyopita alinijia mama mmoja aliyekuwa akimwoza bintiye. Nikamfungulia tovuti kwenye simu yake mwenyewe, ili akifika nyumbani awaonyeshe na dada zake. Akaanza na kupamba ya Kibokoni, taratibu, akizikuza picha za hina kwa vidole viwili. Akabonyeza mshale chini ya ukurasa, ikaja nikahi ya Kuze. Akabonyeza tena, ikatokea sahani ya biriani niliyoupigia picha mkahawa mmoja.

"Kumbe harusi zako ni hizi mbili tu, mwanangu?"

"La, mama, ziko kumi na nne."

"Mbona sizioni?"

Swali lake nilikwenda nalo nyumbani. Harusi kumi na mbili nilizozikesha, mtu yuko tayari kuzitazama, na mshale wangu mwenyewe unampeleka jikoni.

Sababu yake ni hii. WordPress ikiachwa kama ilivyo, mshale hufuata tarehe ya kuchapishwa tu, hauangalii kategoria. Ile biriani niliichapisha kati ya harusi mbili, basi ikakaa kati yake. Kwa blogu ya habari utaratibu huo unafaa kabisa, maana msomaji anafuata siku. Kwa potifolio haufai. Anayetafuta mpiga picha wa harusi anataka harusi.

Kwanza nilijaribu plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya bure. Mishale ilitokea, lakini ilikuja na picha zake na mapambo yake, na ukurasa ukawa mzito kwenye simu. Wateja wangu wengi wanafungua kwa bando, kwa hiyo niliiondoa siku ileile.

Nikaamua kutumia amri za msimbo zilizomo ndani ya WordPress yenyewe, `previous_post_link` na `next_post_link`. Kabla ya kugusa chochote nilitengeneza themu mtoto, yaani themu ndogo inayorithi themu kuu (mafaili yanayoipa tovuti sura yake) na kubeba mabadiliko yako, na kunakili humo faili la ukurasa wa kazi mojamoja, ambalo kwangu linaitwa `single-portfolio.php`. Usiruke hatua hii. Ukiandika ndani ya themu yenyewe, siku ikisasishwa maandishi yako yote yanafutika.

Hizo amri zina sehemu ya kusema "baki kwenye kategoria hii". Unaandika `true` mahali pake, basi. Nikaandika, nikafungua ukurasa, mishale yote miwili ikatoweka. Hapo nilikaa karibu saa mbili. Nilichokuja kugundua ni kwamba themu yangu haitumii kategoria za kawaida za WordPress. Potifolio yake ni aina ya posti (chapisho) ya peke yake, na kategoria zake zina jina lake. WordPress ilikuwa inatafuta kwenye `category`, ambayo haihusiki na kazi zangu, ndiyo maana haikurudisha kitu. Jina la kweli utalipata kwenye dashibodi: fungua orodha ya kategoria za potifolio, kisha soma anwani juu ya kivinjari, neno linalofuata `taxonomy=`. Langu lilikuwa `portfolio_category`. Nikaliongeza, mstari ukawa hivi:

`previous_post_link( '%link', 'Inayofuata: %title', true, '', 'portfolio_category' );`

Umeona nimeandika "Inayofuata" kwenye amri ya `previous`? Sikukosea. Kwa WordPress, `previous` ni posti ya zamani zaidi, na `next` ni mpya zaidi. Lakini ukurasa wangu wa Harusi unaanza na kazi mpya kabisa juu. Mgeni anafungua ya kwanza, na anachotegemea kuona baada yake ni ile ya pili, ambayo ni ya zamani kuliko ya kwanza. Ningeacha majina kama yalivyo, mtu angefungua harusi yangu mpya kabisa na kukuta hakuna "inayofuata". Kwa hiyo nilibadilisha majina, na mshale sasa unafuata mpangilio ambao jicho limeshauona.

Ile `%title` nayo iacheni hapo. Inaleta jina la kazi, mgeni anasoma "Inayofuata: Nikahi ya Kuze" na kujua anakokwenda. Mshale mtupu haumwiti mtu.

Kuna jambo jingine lililonisumbua kidogo. Harusi moja niliipiga kwenye nyumba ya zamani ya Ndia Kuu, nikaiweka Harusi na pia Majengo. Kazi yenye kategoria mbili inafungua milango miwili: ukifika hapo, mshale unaweza kukupeleka kwenye jengo, na ukishaingia kwenye majengo unaendelea na majengo. Niliiondoa kwenye Majengo. Kila kazi sasa ina kategoria moja tu, na nadhani ni afya kwa potifolio hata bila habari ya mishale.

Kwenye simu nilivipa vitufe urefu wa pikseli 48, kidole gumba kibonyeze bila kulenga. Na pale kazi zinapokwisha, pasipo na mshale, nimeweka kiungo cha "Rudi kwenye harusi zote".

Kama themu yako ni ya bloku (inayopangwa kwa vipande kwenye kihariri), huna haja ya faili hizi. Tangu toleo la 5.9, la Januari 2022, kiungo cha posti iliyotangulia na inayofuata ni bloku unayoiweka kwenye kiolezo kupitia kihariri cha tovuti. Mimi themu yangu ni ya mtindo wa zamani na naipenda, kwa hiyo nilipita njia ya faili.

Kwa jumla ni kazi ya jioni moja, bila gharama, na ukurasa haukuongezeka uzito. Ninampendekezea kila mwenye kazi za kuonyesha, awe seremala, mshonaji au mchoraji, mradi awe na mtu wa kumshika mkono kwenye suala la themu mtoto.

Yule mama nilimtumia kiungo tena kwa WhatsApp, cha kupamba ya Kibokoni. Jioni akanipigia. Alikuwa amekaa na dada zake, na walichotaka kuniuliza ni kuhusu taa za harusi ya tisa.