TAHADHARI: "Wiki 12 unakuwa mtaalamu wa IT, hatuulizi cheti, ajira uhakika"

Ndugu zangu, hasa nyie mliovuka miaka 35 mkawa mnatafuta pa kuanzia upya, naomba msome hili kabla hamjatuma hata shilingi moja.

Nina miaka 44. Elimu yangu ni kidato cha nne. Nilikuwa mtunza stoo kiwandani kwa miaka 17, mpaka mwaka jana tulipopunguzwa kazi. Pale kiwandani mtandao ukikata au printa ikigoma, waliniita mimi kwanza kabla ya kumpigia fundi, na kazi hiyo niliipenda kuliko stoo yenyewe. Kwa hiyo tangazo lilipotokea kwenye simu yangu likisema umri si kikwazo, cheti hakiulizwi, na kazi wanakutafutia wao, niliona kama mtu amenijua.

Ofisi yao ipo hapa Dar, ghorofa ya pili. Ukutani kuna cheti cha usajili wa kampuni cha BRELA, TIN na leseni ya biashara, vyote kwenye fremu. Mezani kompyuta tisa. Baadaye nilikuja kugundua zinazowaka ni nne. Dada wa mapokezi alinipa maji ya kunywa, akaniita baba, akanionyesha picha za "wahitimu" walioajiriwa nje, kisha akasema zimebaki nafasi mbili na dirisha linafungwa saa kumi. Nikatoa laki moja na nusu ya kushika nafasi. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke ambaye sikuwahi kumwona pale. Nikauliza, nikaambiwa ni mhasibu. Nikaweka namba ya siri. Hapo ndipo nilipokosea, na nawaomba sana nyie msikosee hapo: chuo cha kweli kina akaunti ya benki au namba ya malipo yenye jina la chuo.

Ada yenyewe ilikuwa 1,200,000. Wiki tatu za kwanza alikuja kijana mmoja, na kusema kweli alifundisha vizuri. Wiki ya nne hakuonekana tena. Tukaanza kuwekewa video, na kwenye kona ya skrini wamebandika nembo yao. Siku moja nembo ilichelewa kutokea nikawahi kusoma jina la aliyetengeneza. Usiku nikaitafuta YouTube. Ipo yote, bure.

Niliendelea kwa sababu walituahidi cheti cha CompTIA A+, cheti cha kimataifa cha ufundi wa kompyuta. Hapa nieleze vizuri, maana uongo wao umejengwa juu ya jambo la kweli. Ni kweli A+ haidai cheti cha shule. CCNA ya Cisco, ya ufundi wa mitandao ya kompyuta, pia haidai. Mtu wa kidato cha nne mwenye miaka 44 anaruhusiwa kufanya. Lakini A+ ni mitihani miwili, kila mmoja dakika 90 na maswali yanayofika 90. Alama ni kati ya 100 na 900, na ili ufaulu unatakiwa upate 675 wa kwanza na 700 wa pili. Kila mtihani unalipiwa zaidi ya dola 200, kitambulisho chako kinakaguliwa, na anayeusimamia ni Pearson VUE, kampuni ya kuendesha mitihani, si mwalimu wako. Sisi tulitozwa laki nne kwa mitihani yote miwili. Bei hiyo peke yake ingetosha kunishtua, kama ningejua. "Mtihani" wetu ulikuwa fomu ya mtandaoni ya maswali 20, nikaijaza sebuleni kwangu, wanangu wakiwa wanaangalia televisheni.

Cheti kilikuja kizuri, karatasi nzito, muhuri wa dhahabu, namba ya uhakiki chini. Nikaingia kwenye ukurasa wa CompTIA wa kuhakiki vyeti, nikaiandika namba ile herufi kwa herufi. Haipo. Nikarudia mara tatu nikidhani nimekosea sifuri na herufi O. Haipo. Nikawapigia wenzangu wawili wakajaribu za kwao, hali ikawa ile ile.

Kesho yake ofisi ikanipigia, kwa furaha kabisa: nimepata kazi ya kufanyia nyumbani, kampuni ya Canada, ila nilipie 320,000 ya "kibali na kusafirisha kompyuta". Nilikataa. Jumla wameondoka na 1,750,000 yangu, na kiinua mgongo kilichobaki ni cha ada ya mtoto.

Cheti cha BRELA kinathibitisha kwamba kampuni imesajiliwa. Hakiipi ruhusa ya kufundisha. Anayesajili vyuo vya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi ni NACTVET, na orodha yao iko kwenye tovuti, unatafuta jina ukiwa umekaa nyumbani. Ukiambiwa "usajili uko njiani", ondoka. Na anayekuahidi ajira kabla hujashika kompyuta anakudanganya.

Sikuandika haya ili mtu akate tamaa. Njia ipo na gharama yake kubwa ni muda. Masomo ya msingi ya mitandao ya Cisco Networking Academy yapo ya bure. CS50, kozi ya misingi ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard, inasomwa bure. freeCodeCamp, tovuti ya kujifunza kuandika programu, ni bure. Kiingereza cha masomo haya kinachosha mwanzoni, nakiri, mimi nasoma na kamusi pembeni. VETA nao wana kozi fupi za kompyuta. Na siku hizi kila Jumamosi nashinda kwa fundi mmoja Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Jumamosi iliyopita alinipa kompyuta iliyokuwa inajizima kila baada ya dakika kumi. Nikaifungua, nikakuta feni imejaa vumbi kama pamba na grisi ya prosesa imekauka. Nikasafisha, nikapaka mpya, ikawaka mpaka jioni. Kwa mkono wangu.

Namba iliyopokea hela nimeiripoti kwa kuituma kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na polisi nimefungua jalada, nina RB. Mpaka sasa tumejitokeza sita. Kama na wewe ulilipa, usifute meseji za muamala, zipige picha, uende kituoni nazo. Wakikupigia wakakuambia "njoo ofisini tumalizane", usiende peke yako wala usisaini kitu. Mwenzetu mmoja, mama wa miaka 51, alienda. Walimsainisha karatasi kwamba amerudishiwa fedha zote, wakampa elfu hamsini.