Filta za ND kwa droni ndogo: uzoefu wangu

Nimetumia seti ya filta za ND (vioo vyeusi vinavyofungwa mbele ya lenzi kupunguza mwanga) kwenye droni ndogo ya DJI Mini 2 kwa muda wa kutosha, na nasema bila kusita: kama unarusha droni kwa kujifurahisha na huridhiki na video zako, hivi vioo vidogo ndivyo vya kununua kwanza, kabla hujafikiria droni mpya au programu ya kuhariri ya kulipia.

Tatizo linalotusumbua wengi ni video kurukaruka. Picha ni kali, rangi si mbaya, ila droni ikianza kwenda mbele karibu na ardhi, nyasi na miti vinapita kwa vipande vipande utadhani fremu nyingine (zile picha moja moja zinazounda video) zimepotea njiani. Watu hulaumu kadi ya kumbukumbu au kompyuta. Chanzo mara nyingi ni jua. Tundu la lenzi ya Mini 2 halibadiliki, ni f/2.8 muda wote (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, haishuki chini ya 100. Jua likiwaka, kamera haina njia nyingine ya kuzuia picha isiungue isipokuwa kuharakisha shata, yaani kufupisha muda ambao kila fremu inapokea mwanga, na huko inafika kwenye 1/3200 ya sekunde hivi. Kwa kasi hiyo kila fremu inaganda. Majani hayaachi ule ukungu mdogo wa mwendo ambao macho yetu yameuzoea, na video inakosa ulaini.

Wapiga filamu wana kanuni yao: shata iwe mara mbili ya idadi ya fremu. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, weka 1/50. Ukirekodi 30, weka 1/60. Kutoka 1/3200 hadi 1/50 ni tofauti ya mara 64, na filta ya ND64 hupitisha sehemu 1 tu ya mwanga kati ya 64. Ndiyo maana ND64 ndiyo ninayoifunga siku ya jua kali. Mawingu yakitanda nashuka hadi ND32 au ND16. ND4 iliyokuja kwenye seti sioni kazi yake, na ningependa watengenezaji waiondoe. Jioni nazivua zote, kwa sababu kamera ikikosa mwanga hupandisha ISO, na sensa (kipande kinachonasa mwanga) ndogo kama ile huanza kuleta chenga, vile vidoti vinavyochafua picha, mapema.

Tofauti inaonekana wapi hasa? Ukiruka chini chini juu ya barabara ya vumbi, kokoto zilizo karibu zinavutika kuwa mistari laini huku vilima vya mbali vikibaki vimetulia. Hapo ndipo unapata ile hisia ya kuruka. Ukipanda mita 100 ukatazama upeo wa macho, usitarajie mengi: vitu vya mbali havisogei kiasi cha kuacha ukungu, na mtazamaji hatajua kama umefunga filta au hujafunga.

Ufungaji ni rahisi, ila funga kabla ya kuwasha droni. Gimbali, kifaa chenye mota kinachoishikilia kamera isitikisike, hujipima inapowaka, na ukiikuta imeshapata usawa wake kisha ukaiongezea uzito, unaibebesha mota zake mzigo ambao hazikuutegemea. Kwa sababu hiyohiyo nunua filta zilizotengenezwa kwa modeli yako. Angalia pia rangi. Kuna seti nyingine niliyowahi kujaribu iliyotia kila kitu uzambarau, hasa kwenye ND64, na kuuondoa wakati wa kuhariri kulikuwa kazi ngumu. Hii ninayotumia sasa haina tabia hiyo, mradi mizani ya weupe (mpangilio unaoifanya nyeupe ionekane nyeupe) uiweke mwenyewe, karibu na kelvini 5500 mchana, badala ya kuiachia kamera ibadilishe rangi katikati ya video.

Filta haitibu kila kitu. Picha ikitetemeka kama jeli, kagua propela kwanza. Ncha iliyomeguka kidogo tu inatosha kuleta mtetemo. Chenga nazo zina dawa yake. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, toleo la bure, inarekebisha rangi vizuri mno, lakini zana yake ya kupunguza chenga iko kwenye toleo la kulipia la Studio. Ukihariri, kuwa na kiasi. Video ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi ya msingi, na ukilivuta anga la buluu kupita kiasi linagawanyika kuwa mistari mistari.

Mimi hurekodi 4K hata kama nitatoa 1080p. 4K ina pikseli (nukta za picha) mara nne ya 1080p, kwa hiyo naweza kukata pembeni au kunyoosha upeo uliopinda bila picha kulegea.

Anayepiga picha za mnato tu, bila video, haihitaji seti hii. Shata ya haraka ni rafiki yake. Mwenye droni yenye tundu linalobadilika, kama Mavic 2 Pro inayofika f/11, bado anaihitaji: hata kwenye f/11, jua kali litamfikisha kwenye 1/200 hivi, na tundu likibanwa kiasi hicho picha inaanza kupoteza ukali. Ni afadhali akae f/4 au f/5.6 na kioo kiifanye kazi hiyo.