Snapseed na picha ya bibi iliyotikisika

Picha niliipiga mwenyewe, kwa hiyo lawama sina wa kumtupia. Harusi ya binamu yangu, Tanga, saa tatu usiku, taa za ukumbi zimepunguzwa ili maharusi wang'ae. Bibi yangu, ambaye akiona kamera tu hununa kana kwamba anapigwa picha ya kitambulisho, ghafla akacheka. Nikabonyeza. Shida ni kwamba gizani simu huacha jicho lake wazi muda mrefu zaidi ili ikusanye mwanga, na bibi alikuwa anapiga makofi. Mikono ikatoka moshi mtupu. Uso nao ulisogea kidogo, na jina la kanga yake, "Usisafirie nyota ya mwenzio", unalisoma ikiwa tayari unalijua.

Ndiyo picha pekee tuliyo nayo ya bibi akicheka. Mama akataka isafishwe, itiwe fremu, itundikwe sebuleni.

Nilianza na programu ya akili mnemba, mojawapo ya zile zinazojitangaza kila ukifungua video. Jina nalihifadhi, ziko nyingi na zinafanana. Siku tatu bure, baada ya hapo wanakata hela. Unaweka picha, inazunguka sekunde chache, inakurudishia uso unaometa. Nilishangilia jamani, kope zilikuwa zinahesabika! Kisha nikampelekea bibi aone.

Akaishika simu mbali, akaisogeza karibu, akairudisha mbali.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, bibi. Siku ile ya harusi."

"Mimi meno haya nimeyatoa wapi?"

Kweli. Bibi ana mapengo mawili ya mbele, juu. Programu ilimjalia safu kamili, nyeupe pe, kama dada wa tangazo la dawa ya meno. Mikunjo ya pembeni mwa macho ilikuwa imepigwa pasi. Na kanga sasa! Herufi zimekolea vizuri kabisa, ila si za lugha ya binadamu yeyote. "Na kanga yangu wameiharibia jina," akasema, na nadhani hilo lilimuudhi kuliko meno.

Ndipo nikaelewa kilichotokea. Kamera haikuyaona yale macho yakiwa yametulia, kwa hiyo hakuna macho makali yaliyojificha ndani ya faili yakisubiri kufichuliwa. Programu za namna hii zimefunzwa kwa nyuso chungu nzima za watu wengine, na pale uso wako ulipofutika hujaza kwa kukisia. Kwa mtu usiyemjua unaweza usigundue. Kwa bibi yako utagundua tu.

Studio niliyopita baadaye wao walinoa kingo. Wakanoa, wakanoa, mpaka kichwa kikazungukwa na mstari mweupe, bibi akaonekana amekatwa kwa mkasi na kubandikwa ukumbini.

Nikarudi kwenye Snapseed, programu ya kuhariri picha, ambayo ilikuwa kwenye simu yangu siku zote nikiitumia kukata kingo tu. Ni ya bure, haina matangazo. Google waliipata 2012 walipoinunua kampuni ya Nik Software. Vitufe kwangu viko kwa Kiingereza, nitavitaja vilivyo. Safari hii sikutaka tena picha iwe kali. Nilitaka iwe picha nyingine, ambayo ukungu wake una kazi.

Kwanza niliitafuta picha halisi kwenye simu yangu ya zamani, kwa sababu ile ya mama ilipitia WhatsApp na ilikuwa imeshabanwa. (Ukimtumia mtu picha ya kwenda kusafishwa, itume kama dokumenti, ifike na pikseli zake zote.) Kisha "Black & White", picha ikawa nyeusi na nyeupe. Hapo pekee nusu ya tatizo iliondoka: yale mabaka ya zambarau ya taa za ukumbi mashavuni yalikuwa yanaifanya picha ionekane mbovu kuliko ilivyo. Nikaenda "Details", nikapandisha "Structure", inayokoleza mistari midogo midogo, kidogo sana, halafu kwa brashi ya kwenye "View edits" nikaibakiza kwenye macho, mdomo na pindo la kanga tu. Mikono sikuigusa. Mikono iliyotikisika ndiyo inayokuambia kwamba anapiga makofi.

Mwisho "Grainy Film", na hiki ndicho kitufe ninachokipa nyota zote tano. Kinamwaga chembechembe picha nzima kama filamu ya zamani. Chembe zenyewe ni kali, basi jicho linazishika hizo na kudhani kilicho chini yake nacho ni kikali. Ukizidisha inakuwa mchanga wa ufukwe wa Raskazone, kwa hiyo pole pole.

Wala si ujanja mpya. Julia Margaret Cameron, Mwingereza aliyepata kamera yake ya kwanza 1863, alikuwa akiwapiga watu picha zenye ukungu kwa makusudi. Wapiga picha wenzake walimcheka kwamba hajui kulenga. Leo picha zake ziko kwenye majumba ya makumbusho.

Kuosha, nilikataa A4 aliyoitaka mama nikaosha 5R, yaani sentimita 13 kwa 18 hivi. Picha ndogo inasitiri mengi.

Si kila picha inaokoka, lakini. Usiku uleule nilimpiga bwana harusi akigeuka, akatoka na pua mbili. Nilijaribu kila kitufe, hata "Double Exposure", inayolaza picha moja juu ya nyingine, ili ionekane nilikusudia. Nilifuta.

Bibi alipopewa fremu aliitazama kimya, akapitisha kidole kwenye pindo la kanga, pale palipo na jina. "Mbona mmenirudisha enzi za Mwingereza?" akauliza. "Rangi zangu ziko wapi?" Lakini fremu hakuiachia. Aliifunga ndani ya mtandio, akaondoka nayo kwake, nami ikabidi nirudi studio kuosha nyingine ya sebule ya mama.